Rudisha Kidogo Nyuma

Kila Alhamisi, saa moja jioni, mimi ndiye mwenye waya.
Naibeba projekta kama kichanga kilichokwisha kuanguka mara moja,
natandaza shuka la bweni ukutani,
lenye mhuri wa buluu pembeni: MALI YA CHUO, USIIBE.
Hapo zimepita nchi nyingi na mauti yake,
juu ya neno USIIBE.

Nje Malimbe inapoa. Mawe yamekaa juu ya mawe
kama watu waliokubaliana jambo wasitueleze.
Visubi wanapanda kutoka ziwani,
wanaingia kwenye mwanga wangu bila kiingilio,
na kila mmoja ana kivuli cha ukubwa wa ngumi.

Jana Dokta Bukwimba aliandika ubaoni:
Siasa, Dini na Haki ya Kuishi.
Chaki ikamkatikia kwenye "Kuishi",
akaokota kipande, akamalizia.
Filamu ya dakika arobaini:
bibi wa kijijini, macho mekundu,
mganga na ramli ya kuku,
mtoto wa ndugu anayelitaka shamba,
panga.

Halafu taa. Halafu maneno.
Padri Rwezahura alisema uhai ni wa Mungu, haukopeshwi.
Ustadhi Mbaraka akasoma aya, akaitafsiri taratibu, kafumba macho.
Mwanasheria akahesabu ibara kwa vidole, vidole vikamwishia.
Gwandu wa mwaka wa tatu akasimama:
"Na kura je? Nani aliwahi kupoteza kiti
kwa sababu ya bibi kizee?"
Ukumbi ukalipuka. Makofi yana raha yake;
hata mimi nilipiga.

Mlangoni alikuwa Mama Nyanzobe,
anayetukaangia sato nyuma ya ukumbi.
Haji kutazama, huja kudai.
Akainua mkono kama mwanafunzi,
akaniambia mimi, si wao:
"Kijana, rudisha kidogo nyuma. Pale jikoni."

Nikamtazama Dokta. Dokta akatazama saa.
Nikarudisha.

Bibi akainuka kutoka chini.
Panga likarudi mkononi, mkono ukarudi gizani,
giza likarudi kuwa alasiri,
mpaka jikoni: mafiga matatu,
mavi makavu ya ng'ombe yakiwaka
(kuni huko ziliisha zamani),
bibi kapiga magoti, anapuliza,
moshi unamlipa usoni.
"Simamisha."

Nikasimamisha.
Visubi tu ndio waliokuwa wakitembea juu ya paji lake.

"Moshi," akasema Mama Nyanzobe.
"Mmesema saa nzima,
hakuna aliyesema moshi."
Akasogea kwenye mwanga, labda kwa kusahau,
shuka likawa yeye:
jiko likamkaa kwenye kanga,
uso wa bibi juu ya uso wake,
na macho yake, mimi niliyekula samaki wake miaka miwili
bila kuyatazama,
mekundu.

"Mimi bado naitwa mama," akasema.
"Nikianza kuitwa bibi
ndipo nitazitaka hizo ibara zenu.
Na wewe Gwandu, elfu tatu na mia tano."

Gwandu akapapasa mifuko.
Mtu akacheka, akaacha.
Dokta alichukua kile kipande cha chaki,
akasimama mbele ya ubao mgongo ukitutazama,
akakaa hivyo muda mrefu, kisha akakirudisha.

Nilikwenda nyuma ya ukumbi kulipa langu.
Alikuwa amechutama, anapuliza.
Nikachutama upande ule moshi unakoelekea,
nikasema ngoja nione.
Sikufika dakika tano.
Nikapanda bwenini nikitokwa machozi ambayo hayakuwa huzuni,
hayakuwa na mada,
yalikuwa macho tu yakifanya kazi yake.

Leo asubuhi nimelikung'uta shuka dirishani.
Wameanguka visubi wakavu, kiganja kizima.
Nimelinusa.
Sijalifua bado.